Dhamana ya gari lililotumika

Dhamana ya gari lililotumika (huitwa pia waranti au garantii) ni ahadi ya mtengenezaji au muuzaji kwamba gari lililokwisha kumilikiwa na mtu mwingine litatengenezwa bila malipo likiharibika ndani ya muda fulani au kabla ya kufikisha kilomita fulani. Kwa magari ya kifahari ya spoti, kama vile Porsche, Ferrari au Mercedes-AMG, ahadi hiyo hutolewa baada ya wakala rasmi kulikagua gari na kulipatia cheti.

Magari mengi ya watu binafsi nchini Tanzania yaliingizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Kwa kawaida dhamana ya mtengenezaji haivuki bahari pamoja na gari. Kwa hiyo mnunuzi wa Kahama, Shinyanga au Geita hupewa hati nyingi zenye mihuri, lakini mara nyingi hakuna hata moja kati yake iliyo dhamana. Tofauti hiyo huonekana siku giaboksi inapokufa.

## Dhamana ya mtengenezaji

Kampuni nyingi za magari zina mpango wa kuuza upya magari yao yaliyotumika. Mpango wa Porsche unaitwa Porsche Approved, na ule wa Ferrari unaitwa Ferrari Approved. Mipango ya namna hii ilienea Marekani katika miaka ya 1990, wakati magari ya kifahari yaliyokodishwa kwa miaka michache yalipoanza kurudi kwa wakala kwa wingi.

Utaratibu wa Porsche unaeleza vizuri jinsi kazi hii inavyofanyika. Gari hupelekwa kwenye kituo rasmi na kukaguliwa vipengele 111, kuanzia rangi ya bodi hadi mfumo wa breki. Kila kasoro inayopatikana hurekebishwa kwa vipuri halisi, na baada ya hapo dhamana huandikwa kwa namba ya chesisi ya gari. Fundi pia husoma kompyuta ya injini, ambayo hutunza kumbukumbu ya mara ambazo injini ilizungushwa kupita kiwango chake. Mtu aliyekosea gia na kuingiza ya pili badala ya ya nne akiwa kasi huacha alama isiyofutika kwa kuosha injini. Gari lenye alama nyingi za namna hiyo linaweza kunyimwa cheti hata kama linang'aa.

Dhamana hizi zina mipaka. Gari lisizidi umri na kilomita zilizowekwa, lisiwe limebadilishwa kompyuta, ekzosi au turbo, na huduma zake ziwe zimefanyika kwa wakati na kuandikwa. Vitu vinavyolika kwa matumizi, kama matairi, pedi za breki na klachi, kwa kawaida havimo. Uharibifu uliotokana na mashindano hauhesabiwi. Muhimu zaidi kwa Afrika Mashariki, dhamana hutaja nchi au eneo ambako inatumika. Dhamana iliyotolewa Uingereza au Japani haimlazimu mtu yeyote kutengeneza gari hilo likiwa Geita.

## Hati zinazodhaniwa kuwa dhamana

### Cheti cha ukaguzi wa TBS

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) husimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini. Kuanzia mwaka 2012 ukaguzi huo ulifanywa na mawakala katika nchi gari linakotoka. Mwaka 2021 ulihamishiwa Dar es Salaam, na utaratibu umebadilika tena tangu hapo. Kinachopimwa ni kama gari linafaa kutembea barabarani: breki, usukani, taa, matairi, moshi na uimara wa bodi.

Cheti hiki kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakisemi kwamba injini itadumu, wala TBS hailipi ikifa. Gari lenye klachi iliyobakiza kilomita 2,000 linaweza kufaulu bila tatizo. Hata hivyo cheti kina faida moja ambayo wanunuzi wengi huisahau: ripoti ya ukaguzi kwa kawaida huandika kilomita zilizosomwa siku hiyo. Dashibodi ikionyesha kilomita chache kuliko zilizoandikwa miaka mitatu iliyopita, jibu limepatikana.

### Karatasi ya mnada wa Japani

Magari mengi ya Japani hununuliwa kwenye minada, ambako mkaguzi wa mnada hujaza karatasi yenye alama. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri na 3.5 ni la wastani. Herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Juu ya mchoro wa gari huandikwa A kwa mkwaruzo, U kwa sehemu iliyobonyea, W kwa sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX kwa kipande kilichobadilishwa.

Karatasi hii si dhamana, lakini humwambia mnunuzi mengi kuliko cheti cha ukaguzi wa barabarani, kwa sababu aliyeijaza hakuwa akimuuzia Mtanzania. Ubaya wake ni kwamba nakala yake ni rahisi kughushi. Nakala inafaa kuombwa moja kwa moja kwa kampuni iliyolisafirisha gari, na namba ya chesisi kulinganishwa na ile iliyogongwa kwenye bodi. Cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje nacho huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa lazima wa nchi hiyo.

### Stika na kadi

Stika inayobandikwa kwenye kioo wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani huonyesha kwamba gari lilikaguliwa na polisi wa usalama barabarani. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huonyesha jina la mmiliki na sifa za gari. Hakuna kati ya hizo inayozungumzia ubora wa injini.

## Shinyanga na Geita

Mikoa hii miwili ipo kwenye ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu, katika eneo la Kahama, mwaka 2001. Mgodi wa Buzwagi, pia Kahama, ulifungwa mwaka 2021. Pembeni ya migodi mikubwa kuna maelfu ya wachimbaji wadogo katika maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Mwakitolyo.

Kipato cha uchimbaji mdogo huja kwa mkupuo. Mchimbaji anaweza kukaa miezi bila kitu, kisha akatoboa na kupata fedha nyingi ndani ya wiki moja. Gari huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, mara nyingi kwa fedha taslimu na kwa haraka, na madalali wanalijua hilo. Gari la spoti lenyewe si la kawaida katika barabara za mikoa hii: Land Cruiser, Harrier na Crown ndizo zinazotawala. Lakini linapopatikana, bei yake huwa ya kuvutia kwa sababu wanunuzi wa Dar es Salaam wamekwisha kulikataa.

Tatizo la pili ni umbali. Wakala rasmi wa magari ya kifahari waliopo nchini wapo Dar es Salaam, karibu kilomita 1,000 kutoka Shinyanga. Kwa baadhi ya chapa wakala wa karibu yupo nje ya nchi. Hata dhamana ya kweli hupoteza thamani kama gari lililokufa linapaswa kupakiwa kwenye lori hadi pwani kwa gharama ya mwenyewe. Mkataba usiosema nani analipia usafirishaji huo una pengo.

Tatizo la tatu ni mazingira. Magari ya spoti yapo chini sana, na barabara za vumbi kuelekea machimboni hugonga sahani ya oili na radieta za mbele. Vumbi likipita kichujio cha hewa hula turbo na kuta za silinda. Dhamana nyingi huliita jambo hili matumizi yasiyofaa.

Kuna pia magari yanayouzwa na kampuni za migodi na taasisi kwa mnada au zabuni. Haya huuzwa kwa masharti ya «kama lilivyo na mahali lilipo», maana yake mnunuzi anachukua gari pamoja na ubovu wake wote. Bei huwa nzuri, lakini gari lililofanya kazi chini ya ardhi huenda lina kutu kwenye fremu na nyaya.

## Ukaguzi kabla ya kununua

Pasipo dhamana, ukaguzi wa fundi asiye na uhusiano na muuzaji ndio kinga iliyobaki. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na injini moja ya Porsche.

Kazi huanza na namba. Namba ya chesisi kwenye kadi, kwenye bodi na ndani ya kompyuta ya gari lazima zifanane. Gari la Ulaya huwa na namba yenye tarakimu na herufi 17 hata kama liliuzwa Japani, na kwa namba hiyo kituo rasmi kinaweza kueleza kama lilikuwa na wito wa marekebisho au huduma zilizoandikwa. Magari ya Kijapani yaliyotengenezwa kwa soko la kwao huwa na namba fupi zaidi.

Mashine ya kusoma kompyuta ndiyo hatua inayofuata. Muuzaji anaweza kufuta kumbukumbu za hitilafu asubuhi ya mauzo ili taa ya onyo isiwake. Fundi makini huangalia kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Yakiwa hayajakamilika, kumbukumbu zimefutwa karibuni au betri ilichomolewa, na gari linafaa kuendeshwa siku moja au mbili kisha kusomwa tena.

Kila aina ina ugonjwa wake. Porsche 911 na Boxster nyingi zilizotengenezwa kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na 2008 zinajulikana kwa beringi ya shafti ya kati, ambayo ikivunjika huiua injini nzima. Baadhi pia huchubuka kuta za silinda. Fundi huweza kupitisha kamera ndogo kwenye tundu la plagi na kuangalia.

Umri wa vitu vingine nao husema. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalodaiwa kutembea kilomita 30,000 lakini lina pedali zilizolika na usukani uliochakaa linahitaji maelezo. Sumaku hugundua puti kwenye bodi ya chuma, ila haisaidii kwenye bodi za aluminiamu ambazo magari mengi ya spoti huwa nazo. Huko hutumika kipimo cha unene wa rangi.

## Sheria

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inafuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, lakini ina masharti yanayohesabika kuwamo katika mauzo hata kama hayakuandikwa. Muuzaji lazima awe na haki ya kuuza, na gari lifanane na maelezo yaliyotolewa. Mfanyabiashara wa magari anawajibika zaidi kuhusu ubora kuliko mtu anayeuza gari lake mwenyewe. Hata hivyo, mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha, na masharti mengi yanaweza kuondolewa kwa makubaliano. Hapo ndipo maneno «kama lilivyo» yanapopata nguvu.

Sharti la haki ya kuuza ni zito kwa magari ya kifahari, kwa kuwa mengine huibwa Ulaya na kuuzwa Afrika Mashariki. Kwa kawaida aliyenunua kwa mwizi hapati umiliki hata kama alilipa bei kamili. Atabaki kumdai muuzaji, kama atampata. Gari likiwa na mkopo wa benki, nalo haliwezi kuhamishwa TRA bila benki kuridhia.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inawakataza wafanyabiashara kudanganya kuhusu ubora au historia ya bidhaa, au kuwepo kwa dhamana. Yadi inayotangaza «waranti miezi sita» kisha ikakataa kuitimiza inaweza kulalamikiwa kwa Tume ya Ushindani (FCC). Ushahidi ndio huamua. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo mbele ya dalali ni ngumu kuithibitisha.

Kwa sababu hiyo mkataba wa mauziano unafaa kutaja namba ya chesisi na ya injini, kilomita zilizosomwa, ajali zilizokiri muuzaji, sehemu zinazodhaminiwa na kwa muda gani, gereji itakayofanya kazi na atakayelipia usafiri. Baadhi ya wauzaji hukubali sehemu ya bei ibaki kwa wakili kwa siku 30. Muuzaji anayejiamini hana sababu kubwa ya kukataa.

## Nchi jirani

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na hudai cheti cha ukaguzi kabla halijasafirishwa. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania Bara hutumia kodi: juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Kwa hiyo gari la spoti lenye umri mkubwa, ambalo mtengenezaji hawezi tena kulipa cheti, linaweza kuingia Dar es Salaam kihalali na kufika Katoro au Kahama likiwa na nyaraka zote zinazotakiwa.