Mavi ya mbwa: mkono wa nani unaokota?

Wandugu, msicheke kwanza. Leo tunazungumza mavi ya mbwa, na tunaizungumza kama watu wa masomo.

Mwezi uliopita, mu kartie moja ya hapa kwetu Lubumbashi, karibu saa moja ya asubuhi, mtoto mdogo wa primeri alitoka kwao na uniforme yake ya blu na nyeupe, imepigwa pasi vizuri. Kufika ku kona, akakanyaga uchafu wa mbwa mkubwa wa jirani, akateleza, akaanguka. Shati, kaptula, kitabu, vyote vikaharibika. Mama yake akamshika mkono, wakaenda kupiga hodi kwa mwenye mbwa.

– Papa, imbwa yako imeniharibishia mutoto. Sasa ataenda ku masomo namna gani?

– Mama, unisamehe. Lakini imbwa haina akili ya mutu. Sentinele atakuya kutosha.

Na kweli, sentinele akatoka. Ni mzee, umri wake unaweza kuwa wa baba ya yule bosi. Akashika kipande cha karto, akainama, akaokota. Hakusema neno. Mama naye akarudi nyumbani kufua.

Mimi nilikuwa nasimama pale, nangojea taksi. Jambo lilikwisha kwa dakika tano, lakini swali lilibaki nami. Mbwa ni wa papa. Miguu iliyochafuka ni ya mtoto. Juu ya nini mkono unaookota uwe wa huyu mzee? Nikaanza kusoma, nikakuta kwamba miji mikubwa ya dunia iligombana miaka mingi juu ya swali hilo hilo. Tuone miji mitatu, kisha turudi kwetu.

1. London: wakati uchafu ulikuwa na bei

Katika karne ya 19, London ilikuwa na watu wenye kuishi kwa kuokota mavi ya mbwa. Mwandishi wa habari Henry Mayhew, aliyetembea mu njia za maskini akiandika maisha yao, aliwaeleza katika kitabu chake cha 1851, London Labour and the London Poor. Alihesabu kwamba watu hao walikuwa kati ya 200 na 300.

Waliuza kwa nani? Kwa watengenezaji wa ngozi wa upande wa Bermondsey. Ngozi ikisha kuwekwa mu chokaa ili manyoya yatoke, inabaki ngumu. Mavi ya mbwa ilisaidia kuondoa ile chokaa na kulainisha ngozi, zaidi ile nzuri ya kutengeneza glavu na majalada ya vitabu. Ndoo moja ilipata peni 8 mpaka 10, mara nyingine shilingi nzima. Wandugu, vile vitabu vizuri vya bwana wakubwa, vyenye kung'aa mu biblioteke, vilipita mu mikono ya nani kwanza?

Mayhew aliandika jambo moja ambalo halinitoki mu kichwa. Waokotaji wengi waliacha kuvaa glavu. Waliona ni vyepesi kunawa mikono kuliko kutunza glavu iwe safi. Ukiwa maskini sana, hata glavu ni mzigo.

Kisha sayansi ikaingia. Mwaka 1907, huko Ujerumani, Otto Röhm na mwenzake Otto Haas walianzisha kampuni ya kuuza dawa ya kulainisha ngozi iliyotengenezwa kwa enzaimu, iliyoitwa Oropon. Viwanda vikapata njia iliyo safi na ya hakika zaidi, na ndoo ya mwokotaji ikapoteza bei. Ni maendeleo, hakuna wa kukataa. Lakini tazameni kilichofuata: mbwa waliendelea kuongezeka mu miji, na uchafu wao sasa haukuwa na mnunuzi. Ukawa kitu cha njiani, kisicho na mwenyewe.

2. New York: wakati Leta haikuwa tena na pesa

Katika miaka ya 1930, New York ilianza kuweka vibao vya kuambia wenye mbwa wawavute mpaka pembeni mwa barabara, mu mfereji, wasichafue mahali watu wanapita. Hapo ndipo adabu iliishia. Kazi ya kuokota ilikuwa ya mfagiaji wa mji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wazazi wakaanza kupaza sauti. Mmoja wao alikuwa Fran Lee, mwanamke aliyejulikana ku televisheni kwa kutetea wanunuzi. Aliunda kikundi chenye jina la kusema "watoto mbele ya mbwa". Hofu yake ilikuwa na msingi. Mu mavi ya mbwa mnaweza kuwa mayai ya mnyoo unaoitwa Toxocara canis. Mayai hayo yanaweza kudumu mu udongo muda mrefu sana. Mtoto akicheza chini na kuweka mikono mu kinywa, mnyoo unaweza kuingia mwilini, na mara nyingine unafika mpaka ku jicho. Fran Lee alienda mbali: alitaka mbwa wajisaidie mu nyumba ya mwenyewe, wasitoke kabisa kuchafua nje.

Wakati wa meya John Lindsay, mji ulijaribu kuweka sheria, ikashindikana. Wenye mbwa walikasirika sana. Hata shirika kubwa la kulinda wanyama, ASPCA, lilipinga: liliogopa kwamba watu wakilazimishwa kuokota, wengi watatupa mbwa wao njiani. Wengine waliuliza, mzee mwenye mgongo mbaya atainama namna gani? Haya si maswali ya wapumbavu.

Kisha ikakuja ile shida ya 1975. Mji wa New York ulikaribia kufilisika. Wafanyakazi kwa maelfu walifukuzwa, na kati yao wafanya usafi. Takataka zilijaa ku njia. Sasa ile fikra ya kwamba "mji utafagia" ikakosa mguu wa kusimamia. Mwaka 1977 sheria ikapitishwa, si na mji, ila na jimbo lote la New York, na gavana Hugh Carey akaitia sahihi. Ilianza kazi tarehe 1 Agosti 1978, Ed Koch akiwa meya. Maneno yake ni mafupi: mwenye mbwa, au yule anayemtembeza, ataokota. Amande ilifika mpaka dola 100. Kipofu anayeongozwa na mbwa hakuguswa.

Wengi walicheka. Walisema: polisi gani atakaa kuvizia mbwa? Na walikuwa na haki upande mmoja, kwa sababu mkaguzi lazima aone kwa macho yake. Hata hivyo ile desturi ilishika. Namna gani? Majirani. Sheria iliwapa watu wa kawaida neno la kusema. Mbele ya 1978, ukimkemea mwenye mbwa, wewe njo ulionekana mgomvi. Kisha 1978, yeye njo alionekana mwenye kosa. Mama anayepita na mtoto aliweza kusema "bwana, umesahau kitu", na watu wote mu avenyu walikuwa upande wake. Haya ilifanya kazi ambayo polisi hangeiweza. Miji mingine mingi ikafuata.

3. Paris: wakati mji ulitaka kuokota mahali pa wenyewe

Paris ilichagua njia ingine. Mwaka 1982, Jacques Chirac akiwa meya, mji ulileta pikipiki zenye mashine ya kunyonya. Mfanyakazi anapita ku trotuare, anashusha bomba, mashine inavuta uchafu. Watu wa Paris wakaziita motocrottes, na wengine, kwa mzaha, chiraclettes.

Kwa macho ilikuwa ajabu ya teknolojia. Kwa hesabu ilikuwa hasara. Mji ulikuwa na mbwa karibu 200.000, na ilisemwa wanaacha tani 16 kila siku. Pikipiki ziliokota karibu asilimia 20 tu. Na kuna hasara ingine isiyoandikwa mu bajeti: mwenye mbwa alipoona pikipiki, alijiambia "kumbe kuna mutu wa kazi hii". Kwa hiyo hakuinama.

Na huyo mtu wa kazi alikuwa nani? Wandugu, hapa ndipo historia inatugusa. Tangu miaka ya 1960, wengi wa wafagiaji na wabeba takataka wa Paris walikuwa watu wa kutoka Afrika, Wamali, Wasenegali, Waarabu wa Maghreb. Wakati wa Noeli ya 1974, Rais Valéry Giscard d'Estaing alialika wabeba takataka wachache kunywa chai ya asubuhi naye mu Élysée, na kati yao kulikuwa Waafrika. Picha ilizunguka sana. Ni heshima, tusikatae. Lakini heshima ya siku moja ku meza ya rais haikubadilisha trotuare ya kesho yake.

Mwaka 2002, chini ya meya Bertrand Delanoë, mji ulianza kukaza amande, mpaka euro 183 kwa anayeacha uchafu wa mbwa wake. Mwaka 2004 pikipiki zikaachwa. Kazi ikarudi ku mkono wa mwenye mbwa. Mpaka leo Paris si mji safi kabisa, na watu bado wanalalamika. Ila hakuna tena anayeweza kusema kwamba hakujua ni kazi ya nani.

4. Na sisi?

Kwetu, neno "usafi" lilikuja na sura mbaya. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na mu miaka yake ya kwanza Wazungu walitenga mji wao na cité ya Weusi kwa uwanja mtupu katikati, wakisema ni juu ya afya. Usafi ulikuwa maana yake kututenga. Mu mji wa Wazungu, mwenye kufagia alikuwa Mweusi. Mu cité, ajenti wa hygiène aliingia kukagua, na amande ilikuwa mkononi. Kisha, mu miaka ya 1970, Mobutu akaleta Salongo. Fikra ya kufanya kazi pamoja ilikuwa nzuri, lakini ilipogeuka kuwa lazima ya Leta, watu walishika fagio wakiwa na kinyongo.

Njo maana leo mtu akitamka usafi, tunangojea chef, tunangojea polisi, tunangojea mradi. Ao tunamwita sentinele. Tunayo sheria pia. Mwisho wa mwaka 2017 dekreti ilikataza sashe za plastiki. Pita leo ku soko, uniambie kama hazionekani. Karatasi peke yake haiokoti kitu.

Wengine watasema: ndugu, mji una mifereji iliyoziba, maji haifiki mu bomba, nawe unatuletea mambo ya mbwa? Nimelifikiria hilo. Mifereji inahitaji pesa ya komini, na pesa ile siwezi kuitoa mu mfuko wangu. Mbwa wangu anahitaji mkono wangu tu. Nikishindwa na hii ndogo, nitasimama na uso gani kumdai meya ile kubwa? Tena kwetu watoto wengi wanatembea bila viatu, na minyoo mingine ya mbwa inapita mu ngozi ya mguu yenyewe. Haingojei mtoto aweke mkono mu kinywa.

Basi adabu yenyewe ni nyepesi. Ukitoka na mbwa, mshike kwa kamba, na kamba iwe fupi pale watoto wanapita. Usimpeleke kujisaidia mbele ya mlango wa mwingine, wala ku njia ya masomo. Beba gazeti la zamani ao kipande cha karto. Sashe si lazima. Okota, utupe mu choo ao ufukie mbali na bustani ya mboga. Na kama unalipa mtu atembeze mbwa wako, mpatie vifaa na sabuni, mkubaliane mbele kwamba ni sehemu ya kazi na ya mshahara. Kumwita tu "kuya kutosha" wakati wageni wanatazama, hiyo ni kumshusha.

Nimerudi ku ile kona juma lililopita. Mbwa anatembezwa kama zamani. Mama anapitisha mtoto wake upande wa pili wa barabara, penye magari, juu ya kuepuka trotuare. Papa na mama hawasalimiane tena, na walikuwa wanasali pamoja. Mzee bado anainama na karto yake.

Wandugu mulio na mbwa mu parsele: kesho asubuhi, mkono utakaookota utakuwa wa nani?