Ukungu, Unyevu na Mtonesho: Maneno ya Nyumba za Baridi

Istilahi si pambo la lugha. Ni chombo cha kazi, na chombo butu humponza fundi. Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hili kwa kufuata habari za neno ukungu katika nyumba za nyanda za Mlima Meru.

Mji wa Arusha uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni na Julai huwa ya baridi na mawingu. Hapo zamani Wameru na Waarusha walijenga nyumba za kuezekwa kwa nyasi au majani makavu ya migomba, moto ukiwaka ndani. Moshi ulipenya katika paa, ukatoka pamoja na mvuke, na paa likakauka. Hivyo joto lilihifadhiwa bila unyevu kufungiwa. Reli ilipofika Arusha mwaka 1929, mabati na saruji vilipata njia nyepesi zaidi ya kuwafikia wajenzi. Leo, katika mitaa kama Daraja Mbili, bati na matofali ya saruji ndiyo desturi. Usiku bati hupoa upesi. Mvuke wa sufuria na wa pumzi za watu hupanda, hukutana nalo, hugeuka matone. Dari hupata madoa meusi, na mwenye nyumba husema kuwa imeingia ukungu.

Hapo ndipo neno linapoponza. Ukungu ni ule uufunikao Mlima Meru alfajiri. Tena ni ule uotao ukutani, ambao ni kiumbe hai. Unyevu nao hutajwa bila kupambanua kama ni wa mvua ivujayo, wa ardhi upandao kutoka msingini, au wa mvuke. Wa kwanza hutibiwa kwa kuziba paa. Wa pili kwa utando wa kuzuia maji juu ya msingi. Wa tatu kwa kuacha matundu ya hewa. Anayeziba kila upenyo ili kuukomesha huu wa tatu huuzidisha.

Nchi za theluji zilijifunza kwa hasara. Huko Marekani, katika miaka ya 1930, nyumba zilizojazwa vihami kutani zilibambuka rangi, kwa kuwa mvuke uligeuka maji ndani ya ukuta. Wataalamu wakapambanua kuzuia joto na kuzuia mvuke, wakaweka kizuizi cha mvuke upande wa ndani, wenye joto.

Sisi tunalo neno kihami, litokanalo na kuhami, yaani kulinda. Ni neno zuri, lakini likisimama peke yake huahidi kuliko liwezavyo: kitu kihamicho joto si lazima kizuie mvuke, na vihami vingi vikilowa hupungukiwa nguvu.

Kwa hiyo tunapendekeza kihami joto na kizuia mvuke viwe istilahi mbili. Mtonesho uwe mvuke kugeuka maji. Unyevu wa msingi uwe ule upandao kutoka ardhini. Kuvu iwe ile iotayo ukutani. Na ukungu tuuachie mlima. Fundi aambiwaye kuwa dari ina mtonesho atatazama upenuni kabla ya kufungua kopo la rangi.