Kirusi ya 2008 ndani ya ordinatere ya papa, Shituru

Wandugu wahitimu, ukurasa huu umezoea historia ya migodi na ya reli. Leo naomba nafasi kwa historia ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikibeba mfukoni bila kujua.

Mwaka 2018 nilikuwa naandika memuari yangu ya agronomia kwa ordinatere ya mezani ya papa, nyumbani Shituru. Windows XP, ilinunuliwa okazyo. Intaneti ilikuwa inafunguka vizuri: barua, magazeti, hata video kidogo. Lakini kila tovuti ya antivirusi ilikataa, na ya Microsoft pia. Masasisho, ile tunaita sisi mizajuru, yalikuwa yamezimwa. Nikiyawasha leo, kesho nayakuta yamezimwa tena. Kwanza nilisema ni konesyo mbaya. Lakini konesyo mbaya haichague tovuti, bana.

Ile kitu inaitwa Conficker. Mafundi wanasema ni mnyoo, si kirusi, ju inatembea yenyewe kutoka mashine moja mpaka ingine. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa rekebisho la haraka, MS08-067, kuziba tundu katika Windows: mtu wa mbali aliweza kuendesha programu yake ndani ya mashine yako bila wewe kugusa kitu. Mwezi uliofuata, Conficker ikatokea ikipita palepale. Dawa ilitangulia ugonjwa. Wenye hawakuinywa njo walipatikana.

Ikishaingia, inazima huduma ya masasisho pamoja na Windows Defender. Halafu inasimama mlangoni na kusikiliza kila jina la tovuti linaloulizwa. Jina likiwa na neno kama «microsoft» ao «kaspersky», jibu halirudi. Na jambo lililonishangaza zaidi: inaziba yenyewe lile tundu katika kumbukumbu ya mashine, ili mnyoo mwingine asiingie nyuma yake. Sisi watu wa mimea tunaona vile kwa virusi fulani, mmea ukishashikwa na moja, ingine ya jamii yake inakosa nafasi. Sikutegemea kuikuta ndani ya ordinatere.

Mwisho wa Desemba 2008 likatoka toleo la pili, na hilo ndilo letu, ju lilijifunza kupanda fleshi. Linaandika faili autorun.inf na kujificha katika folda RECYCLER. Ukichomeka fleshi, Windows inakuuliza unataka kufanya nini, na jibu la kwanza lina picha ya folda na maneno ya kufungua faili. Unabofya ukifikiri unafungua folda. Kumbe unamfungulia yeye. Ni kama batobato ya mihogo: inzi mweupe anaieneza, ndiyo, lakini sisi wenyewe tunaisafirisha mbali zaidi tukipeana vipande vya shina na jirani. Shina linaonekana zima, unashukuru, unapanda.

Haikuwa shida ya maskini peke yake. Januari 2009 iliingia katika mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa, na ndege za Rafale zikabaki chini ju hazikuweza kupokea mipango ya safari. Mwezi ule ule, katika hospitali za Sheffield, Uingereza, mashine zaidi ya 800 zilishikwa. Pale kuna funzo chungu: masasisho yalikuwa yamezimwa na watu, si na mnyoo, baada ya ordinatere kujizima na kujiwasha wakati wa upasuaji. Februari Microsoft iliahidi dola 250,000 kwa mwenye kusaidia kukamata waandishi wake. Kila siku mnyoo ulikuwa unabuni majina 250 ya tovuti za kutafuta amri za bwana wake. Kampuni na watafiti waliungana kuyafunga mbele yake. Toleo lingine likapanda mpaka majina 50,000 kwa siku, kuanzia tarehe 1 Aprili 2009. Dunia ilingoja ile siku kwa hofu, na hakukutokea kitu kikubwa.

Sasa, kwa nini miaka kumi baadaye bado iko Shituru? Mimi nafikiri jibu liko pale Sheffield. Kabla ya kebo ya bahari kuanza kazi Muanda mwaka 2013, sehemu kubwa ya intaneti ya nchi hii ilipita kwa satelaiti, bei ya kuumiza. Hata baadaye tulinunua mega kwa kipimo kama mafuta ya kupikia. Papa aliona ile alama ya mizajuru mara moja tu, akasema: «Mwana, iyo kitu iko inakula ba-mega. Zimisha.» Na mimi, mtoto wa shule, nilizimisha. Mnyoo ulikuta mlango uko wazi. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuzuia fleshi zisijiendeshe kwa XP, sisi hatukulipata. Tarehe 8 Aprili 2014 XP yenyewe ikaachwa.

Aibu ilinipata kwa msimamizi wa memuari yangu. Nilimpelekea data ya mashamba kwa fleshi, kesho yake akaniambia mbele ya wenzangu: «Fleshi yako isiguse tena mashine yangu.» Alikuwa na haki.

Kijana mmoja wa mtaa alinisaidia. «Yaya, usipakue dawa hapa, ataizuia.» Tulipakua kwa mashine ya mtu mwingine chombo cha kuondoa pamoja na lile rekebisho la 2008, tukachoma yote kwa CD, si kwa fleshi, ju CD ikishafungwa haiandikwi tena. Tukachomoa intaneti, tukasafisha, tukaweka rekebisho, tukazima autorun, tukabadilisha nywila. Fleshi zote za nyumbani tulizifuta, zilikuwa nne. Kwa moja kulikuwa na picha za ndoa ya dada yangu; hizo tulizitoa kwanza, moja moja.

Ile ordinatere ingali inafanya kazi. Papa anaandika humo hesabu za bustani yake. Intaneti hatuunganishe tena.