Hila za wasajili wa majina ya vikoa

Hila za wasajili wa majina ya vikoa ni mbinu zisizo za haki za baadhi ya kampuni zinazosajili anwani za tovuti. Hujumuisha kumtumia mteja barua inayofanana na ankara ili ahamie kwao bila kujua, kuzuia uhamisho wa jina, na kushikilia jina lililotafutwa lisinunuliwe kwingine. Network Solutions ya Marekani ililaumiwa kwa hilo la mwisho mwaka 2008, kwa kuyashikilia majina siku 4. Mwaka 2007 ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, liliifutia kampuni ya RegisterFly idhini ya kusajili majina.

Uganda ina kikoa chake, .ug, tangu 1995. Mikataba ya ICANN na wasajili hugusa vikoa kama .com, si vya nchi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Arua au Koboko mwenye jina linaloishia na .co.ug hupeleka malalamiko kwa wasimamizi wa .ug. Kinga yake kuu ni jina kusajiliwa kwa jina lake mwenyewe, si la fundi aliyemtengenezea tovuti, na kulipia kabla muda haujaisha.