Viazi Ulaya Havijatoka Ulaya! Wajue Wakulima Wasio na Majina Nyuma ya Chipsi Zako

Ukiagiza chipsi mayai hapo kwa jamaa, huwa huulizi viazi vimetoka wapi. Na jina lenyewe limeshatupoteza: viazi ulaya. Kumbe Ulaya nao waliletewa tu!

Kwao hasa ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, pande za ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia. Ni juu sana, mita kama 3,800, na usiku baridi inagandisha. Viazi pori vya kule vilikuwa vidogo, vichungu, tena vina sumu. Miaka 7,000 au zaidi iliyopita, wakulima ambao hakuna anayewajua kwa jina walianza kuchagua vilivyo bora na kuvipanda tena, msimu baada ya msimu. Wakabuni na chuño: viazi vinaachwa nje usiku vigande, vinakanyagwa kwa miguu vitoke maji, vinaanikwa juani. Vikikauka hivyo vinakaa ghalani miaka bila kuoza.

Wahispania walioivamia Peru mwaka 1532 walifuata dhahabu. Kiazi kilifika Ulaya miongo michache baadaye, na wengi wakakikataa, wengine wakidai kinaleta ukoma. Sifa alikuja kuzipata Mfaransa Antoine Parmentier, aliyekipigia debe karne ya 18. Jijini Paris kuna hadi kituo cha treni chenye jina lake. Waliokitoa sumu hawana hata kibao.

Sasa hapa ndipo penye somo. Mkulima wa Andes huchanganya aina nyingi shamba moja, ugonjwa ukija nyingine zinapona. Ireland walichukua kiazi, wakaacha huo ujuzi. Maskini wengi walitegemea aina moja, Lumper. Na kwa vile kiazi hupandwa kwa kiazi, shamba zima lilikuwa kama mapacha. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu, viazi vikaoza ardhini. Huku watu wanakufa njaa, nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Kufikia 1852 walikuwa wamekufa watu kama milioni moja, na wengine milioni moja au zaidi wameihama nchi.

Ukungu huo bado upo, hata wakulima wetu wa Njombe wanaujua. Na watafiti wakitaka mbegu inayoustahimili, wanarudi kulekule Andes, kwenye maelfu ya aina ambazo wajukuu wa wale wasio na majina bado wanazipanda.

Sisi viazi tuliletewa na wamishonari na wakoloni, ndiyo maana tukaviita vya Ulaya. Tulimwona aliyebeba gunia, aliyelima hatukumwona.

Pwani wanasema mbatata, Wakikuyu wanasema waru. Kwenu je, mnaviitaje?