Mbwa wa Ituri na Chakula Chake

Katika Kitabu cha Tobiti twasoma kwamba kijana Tobia aliposhika njia pamoja na Malaika Rafaeli, mbwa wake naye alifuatana nao. Hatuambiwi mbwa huyo alikula nini safarini. Ndivyo ilivyo katika habari nyingi za wanadamu: mbwa yupo, lakini chakula chake hakiandikwi. Sisi wa Bunia, tunaokaa karibu na msitu mkubwa wa Ituri, tunaona vema kukiandika leo. Maana wako mbwa kwetu wanaojikuna usiku na mchana mpaka ngozi inatoka damu, na bwana wao hafikiri hata kidogo kwamba pengine sababu imo katika sahani anayowapa.

Hapo kale mbwa wa msituni alikula kwa kazi ya miguu yake. Waefe, wanaowinda kwa upinde, humtumia mbwa kuwafukuza wanyama kutoka vichakani. Humfunga shingoni kengele ya mti, kwa sababu mbwa wa namna hii habweki kama wengine. Hutoa sauti kama ya mtu anayeimba. Mboloko akiuawa, mbwa hupata matumbo na mifupa. Siku ya njaa hujitafutia mwenyewe. Lakini wawindaji hawakuishi kwa nyama tu, kwani walibadilishana nyama kwa mazao na majirani zao wakulima, kama Walese. Tena mihogo na mahindi, vilivyoletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika tangu karne ya 16, vilifika polepole hata huku kwetu. Hivyo mbwa naye akashiriki ugali wa bwana wake.

Je, ugali unamdhuru mbwa? Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Uppsala, katika nchi ya Uswidi, walionyesha kwamba mwili wa mbwa unaweza kusaga wanga wa nafaka na viazi kuliko mwili wa mbwa mwitu wa Ulaya, aliye ndugu yake. Kuishi na wakulima kwa maelfu ya miaka kumembadilisha. Basi ugali si adui wa mbwa, ila peke yake haumtoshi.

Baadaye mbwa wetu alivuka bahari. Mwaka 1937 alionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, na mwaka 1943 chama cha mbwa cha Marekani kikamwandika katika daftari lake kwa jina la Basenji. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Wageni walimpenda mbwa, wakamwachia jina la dharau.

Lakini waliovushwa walikuwa wachache. Walizaana wao kwa wao, na magonjwa ya ukoo yakatokea: ugonjwa wa figo, ugonjwa wa damu, na ugonjwa wa matumbo ambao kinga ya mwili wenyewe huuchochea. Mbwa mwenye ugonjwa huo wa matumbo huharisha na kukonda, na bwana wake hana budi kumchagulia chakula kwa uangalifu pamoja na dawa. Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 Wamarekani kadhaa walikuja kaskazini-mashariki mwa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, wakitafuta damu mpya. Mwaka 1990 chama kile kikafungua daftari lake kwa mbwa hao. Waliokuwa na kila kitu walirudi kwa mbwa wa kijiji kutafuta afya.

Tusichanganye mambo, wapenzi wasomaji. Ugonjwa ule wa ukoo si sawa na mzio wa chakula, ambao wengine huuita aleji. Katika mzio, mwili hukikataa chakula kisicho na sumu kana kwamba ni adui. Mbwa hujikuna, huramba nyayo zake, masikio yake huwaka na kunuka, na pengine huharisha. Mara nyingi chakula kinachomletea hayo ni kile alichokizoea: nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au mkate wa ngano.

Afanyeje basi mwenye mbwa? Kwanza atafute viroboto na upele, kwa kuwa hao ndio wanaowasha mbwa mara nyingi kuliko chakula. Wakiisha kuondolewa naye angali anajikuna, ampe kwa majuma 8 nyama ya namna moja ambayo hajaila kamwe, na wanga wa namna moja. Aliyezoea matumbo ya ng'ombe na ugali apewe samaki wabichi wa Ziwa Albert, wanaofika kutoka Kasenyi na Tchomia, wakipikwa bila chumvi na kutolewa miba, pamoja na viazi vitamu. Asipewe kitu kingine chochote, na watoto waonywe. Akipona, arudishiwe chakula cha zamani kidogo. Akianza kujikuna tena, mwenye kosa amejulikana. Muhogo mbichi, vitunguu, mifupa ya kuku iliyopikwa na unga ulioota kuvu asipewe kamwe. Akizidi kudhoofika, apelekwe kwa mganga wa mifugo.

Tunajua watakaotulaumu. Tangu mapigano ya Djugu yalipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2017, familia nyingi zimekimbilia Bunia bila kitu. Je, ni haki kuhesabu samaki wa mbwa mbele ya mtoto mwenye njaa? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yatufundisha mambo mawili kwa pamoja: si vema kumtesa mnyama bure, wala si vema kumtumilia fedha inayopaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Njia tuliyoieleza hailazimishi kununua chakula cha kopo. Vichwa vya samaki na viazi vidogo visivyouzika sokoni vyatosha, na kinachohitajika zaidi ni saburi ya majuma 8. Na mtoto ale kwanza.

Yule mama Mkanaani alimwambia Bwana wetu kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Mbwa wa Ituri ameyala makombo yetu miaka mingi, amelinda nyumba zetu na kutupatia nyama ya msituni. Hawezi kutuambia lipi kati ya makombo hayo linamdhuru. Sisi tuliojaliwa akili na Muumba, tumtazame tukamtambulie.