Mgagani: Mboga chungu inayosaidia damu, ila haichukui nafasi ya kliniki

MGAGANI ni mboga ya majani inayomea yenyewe mashambani, kando ya maboma ya mifugo na penye samadi katika sehemu nyingi za Kenya. Wataalamu wa mimea huiita Gynandropsis gynandra. Wajaluo huiita dek, Wakisii chinsaga, Wakalenjin saget, Wakikuyu thageti nao Wamijikenda mwangani. Wachuuzi wengi wa mijini huiuza kwa jina la saga.

Hutambulika kwa majani yaliyogawanyika mithili ya vidole, maua meupe au ya zambarau hafifu, na maganda marefu membamba yaliyojaa mbegu ndogo nyeusi.

Sukumawiki na kabeji zilipoenea, mboga hii ilidharauliwa na wengi kuwa chakula cha maskini. Mtazamo huo umebadilika. Mnamo 2021, shirika la UNESCO liliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya kiasili, zilizoanza 2007, miongoni mwa mifano bora ya kulinda utamaduni.

Nguvu ya mboga hii imo katika majani yake, ambayo yana madini ya chuma na kalsiamu, protini, pamoja na vitamini C na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Ndiyo sababu Wakisii, kwa mfano, tangu jadi humpikia mama aliyejifungua na kijana aliyetoka jandoni. Wazee husema inarudisha damu.

Usemi huo una ukweli, lakini una mipaka. Mwili haufyonzi madini ya chuma ya majani kwa wepesi kama yale ya nyama, maini au samaki. Mgagani ukiliwa mara kwa mara husaidia kukinga upungufu wa damu, lakini hautoshi kumtibu aliyekwisha kupungukiwa.

Mama mjamzito anayehisi kizunguzungu, anayehema akifanya kazi ndogo au ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe anafaa kufika kliniki bila kukawia. Huenda chanzo ni malaria, minyoo au kuvuja damu, mambo ambayo hakuna mboga inayoweza kuyaondoa. Tembe anazopewa mjamzito kila siku, zenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki, zisiachwe kwa sababu nyumbani kuna chungu cha mgagani.

Kuhusu mapishi, tatizo kubwa ni uchungu. Wapishi wengi huchemsha majani na kumwaga maji, wengine hata mara mbili. Kwa kufanya hivyo, humwaga pia sehemu kubwa ya vitamini C, ambayo huyeyuka majini na kuharibiwa na moto mwingi.

Njia bora ni kuchambua majani na vikonyo laini, kuyaosha kabla ya kuyakata, kisha kuyapika kwa maji kidogo. Uchungu hupunguzwa kwa kuchanganya na mboga zisizo chungu, kama mchicha au majani ya kunde, halafu kukaanga kwa kitunguu na nyanya.

Katika jamii kadhaa za Nyanza na Bonde la Ufa, mboga hii hutiwa maziwa au krimu na kulazwa chunguni, kisha huongezwa maziwa na kupashwa moto siku inayofuata. Mafuta ya maziwa huusaidia mwili kupata vitamini A. Chungu kifunikwe, na mboga ichemke vizuri kabla ya kupakuliwa tena.

Chungwa au ndimu pamoja na mlo huo husaidia mwili kufyonza chuma. Chai huzuia, hivyo ni heri inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Katika tiba za kienyeji, majani yaliyopondwa hupakwa kwenye paji la uso kutuliza maumivu ya kichwa, na maji yake hutiwa sikioni. Tahadhari inahitajika hapa. Majani hayo yana viini vikali vya jamii ya haradali, na yakikaa kwenye ngozi huweza kuichoma hata itoke malengelenge. Kuyatia katika sikio la mtoto ni hatari zaidi, hasa kiwambo cha sikio kikiwa kimetoboka.

Harufu hiyo kali ina faida nyingine. Utafiti uliofanywa nchini katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mmea huu hufukuza kupe wa mifugo.

Anayetaka kuupanda asitumie mbegu zilizovunwa karibuni, kwa kuwa nyingi hazioti hadi zikae miezi kadhaa. Majani huwa tayari kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kupanda, na maua yakikatwa mapema, mmea huendelea kutoa majani kwa muda mrefu zaidi.